Noti inayokatwa njiani: programu ipi inafaa kufundishia muziki mtandaoni?

Kwa wiki tatu nilimsahihisha mwanafunzi wangu wa piano kosa ambalo hakulifanya. Alikuwa akifika mwisho wa kipande, anaiacha noti ya mwisho ilie huku mguu uko kwenye pedali, nami upande wa pili naisikia ikikatika ghafla. Nikamwambia asiinue mguu mapema. Akasema hainui. Nikamwambia ajisikilize vizuri zaidi. Wiki ya nne alijirekodi kwa simu yake palepale nyumbani, akanitumia faili. Noti ilikuwepo, nzima, ikififia taratibu hadi kimya. Aliyekuwa akiikata si yeye, ni programu tuliyokuwa tukiitumia.

Ndiyo maana mtu akiniuliza atumie programu gani kufundishia muziki, namuuliza kwanza kama anajua programu anayoitumia sasa inaifanyia nini sauti kabla haijamfikia. Mwalimu anafundisha kwa sikio. Sikio likiletewa habari za uongo, kila atakachosema baada ya hapo kinamwumiza mwanafunzi aliyekuwa amefanya sawa.

Programu za kupigia simu mtandaoni zilitengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, na zinaifanya kazi hiyo vizuri sana. Zina kipunguza kelele, ambacho hutafuta sauti isiyobadilika, kama feni au mvumo wa mashine, na kuifuta. Maneno hupanda na kushuka, huanza na kukoma. Noti ndefu ya filimbi au ya fidla haifanyi hivyo. Kwa kipimo cha programu, noti iliyoshikwa imara kwa sekunde nane inafanana na feni zaidi ya inavyofanana na mtu. Kwa hiyo kadiri mwanafunzi anavyoishika noti kwa uthabiti, yaani kadiri anavyofanya kile tulichomfundisha, ndivyo anavyozidi kufutwa.

Kisha kuna kisawazisha sauti. Anayenong'ona hupandishwa, anayepaza hushushwa, ili kikao kisikike sawasawa. Katika muziki huo ni uharibifu. Unamwomba mwanafunzi aanze kwa upole, akue polepole hadi nguvu zote. Anaifanya kazi hiyo kwa mikono yake, na programu inaitengua palepale. Wewe unasikia mstari ulionyooka na unamwambia hana hisia. Sijui neno baya zaidi la kumwambia mtoto anayejifunza ala, na linaweza kusemwa kwa sababu ya kitufe kimoja kwenye mipangilio.

La tatu ni kizuia mwangwi. Programu husikiliza kinachotoka kwenye spika yako ili kisirudi kupitia maikrofoni yako. Watu wawili wakitoa sauti kwa wakati mmoja, mara nyingi mmoja wao hupunguzwa au kunyamazishwa. Walimu wengi tumezoea kuhesabu "moja, mbili, tatu, nne" mwanafunzi akiendelea kupiga. Mtandaoni, hesabu hiyo ndiyo inayoumeza muziki tunaotaka kuusikia.

Wengi hulaumu kubanwa kwa sauti, yaani kupunguzwa kwa data yake ili ipite mtandaoni kwa urahisi, lakini hapo nadhani wanakosea mlengwa. Simu ya waya ya zamani ilipitisha takriban hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 hadi 3,400 tu, ilhali noti ya chini kabisa ya piano ni hezi 27.5 na ya juu kabisa ni hezi 4,186, kabla hujahesabu sauti ndogo za juu zinazoandamana na kila noti na kuipa kila ala rangi yake. Leo simu zinazopita kwenye kivinjari hutegemea zaidi Opus, kodeki (kanuni ya kubana sauti na kuifungua tena) iliyotangazwa kuwa kiwango rasmi mwaka 2012, ambayo hubeba sauti hadi hezi 20,000 na hufanya kazi kuanzia kilobiti 6 hadi 510 kwa sekunde. Sehemu yake moja ilitokana na SILK, kazi ya watu wa Skype kwa ajili ya maneno. Nyingine ni CELT ya Xiph.Org, shirika la programu huria, iliyojengwa ili iweze kubeba muziki. Skype yenyewe ilifungwa Mei 2025, na walimu walioizoea kwa miaka mingi wakalazimika kuhama, lakini sehemu ya teknolojia yake bado inatufikisha darasani kila siku. Chombo cha kubeba muziki tunacho. Kinachoamua ni kile kinachotendwa kwa sauti kabla haijaingia kwenye chombo hicho.

Hapo ndipo programu za mikutano zinapojitetea, na utetezi wake una uzito. Zoom iliongeza mwaka 2020 mpangilio wa sauti halisi kwa wanamuziki: unazima kipunguza kelele na kisawazisha sauti, unaweza kuzima pia kizuia mwangwi, na sauti hupanda hadi kilobiti 96 kwa sekunde, au 192 ukitumia stereo. Microsoft Teams nayo ina hali ya muziki inayofika kilobiti 128. FaceTime kwenye vifaa vya Apple ina mpangilio wa maikrofoni unaoruhusu sauti zote za chumbani zipite badala ya kutenga maneno peke yake. Mzazi wa mwanafunzi huenda tayari anaijua mojawapo kutokana na kazi yake. Anabonyeza kiungo, picha na sauti zinakuja pamoja, na somo linaanza. Urahisi huo si jambo dogo. Nimeona masomo yakifa kwa sababu dakika 20 za kwanza za kila wiki zilikwenda kwenye kuhangaika na mitambo.

Kasoro yake ni kwamba mipangilio hiyo haijawashwa tangu mwanzo, na lazima iwashwe upande wa anayepiga. Mwalimu akiiwasha kwake, mwanafunzi atamsikia mwalimu vizuri, lakini mwalimu ataendelea kumsikia mwanafunzi vilevile kama jana. Nimekutana na walimu waliokata tamaa na programu nzuri kwa kutolijua hili tu. Tena akaunti ya bure ya Zoom hukata kikao baada ya dakika 40, jambo linalouma somo la saa nzima.

Wapo wanaotetea kuacha kila kitu kama kilivyo, na sitawadharau. Nyumba yenye watu wengi, redio ya jirani, mtoto mchanga chumba cha pili: ukizima kipunguza kelele, vyote hivyo vinakuja darasani pamoja na gita. Na nusu ya somo ni maneno. Kwa anayeanza, ambaye bado anatafuta vidole vyake vikae wapi, sauti iliyosafishwa huenda ikamsaidia zaidi ya sauti halisi iliyojaa vurugu. Jibu langu ni kwamba Zoom na Teams zote zina kitufe cha kuwasha na kuzima hali hiyo ya muziki katikati ya kikao. Tunapozungumza izimwe, tunapopiga iwashwe. Inachosha mwanzoni, kisha mkono unazoea.

Kambi ya pili ni ya programu zilizotengenezwa na wanamuziki wenyewe. JackTrip ilitoka kituo cha muziki na kompyuta cha Chuo Kikuu cha Stanford na husafirisha sauti bila kuibana. Jamulus ni programu huria inayowakutanisha wapigaji kwenye seva moja. SonoBus, nayo huria, huwaunganisha watu moja kwa moja, na mnachagua wenyewe sauti ibanwe au isibanwe. Zinachokipigania zaidi ni muda.

Kuna hesabu hapa inayofaa kuangaliwa. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, huchukulia kwamba mazungumzo hayasumbuki sana sauti ikichelewa hadi milisekunde 150 kwa upande mmoja. Sasa chukua muziki wa mapigo 120 kwa dakika: pigo moja ni milisekunde 500, na robo ya pigo ni 125. Ucheleweshaji usiomsumbua kabisa mtu anayezungumza unamweka mpigaji nyuma kwa zaidi ya robo ya pigo. Wanamuziki huanza kuvutana mwendo ucheleweshaji ukizidi takriban milisekunde 25 hadi 30. Kwa kuwa sauti hewani husafiri mita 343 kwa sekunde, hiyo ni kama kupiga pamoja na mwenzako aliye umbali wa mita 9 au 10. Mwanga ndani ya nyuzi za intaneti hukata kilomita 1,000 kwa milisekunde 5 hivi, kwa hiyo umbali wenyewe si adui mkubwa kama tunavyodhani. Muda mwingi hupotea kwenye Wi-Fi, kwenye kadi ya sauti, na kwenye akiba ambayo programu huiweka ili sauti isikatike.

Kwa hiyo wanaposema kwamba kupiga pamoja mtandaoni kunawezekana, wanasema kweli, ila kwa masharti: waya kutoka kwenye ruta badala ya Wi-Fi, hedifoni za waya pande zote mbili, na ikiwezekana kifaa cha nje cha sauti, kinachochomekwa kwenye kompyuta badala ya kadi yake ya sauti. SonoBus haina kizuia mwangwi kabisa, kwa hiyo asiyevaa hedifoni anamrudishia mwenzake sauti yake. Hedifoni za bluetooth huharibu kwa njia mbili. Huongeza ucheleweshaji, na maikrofoni yake ikiwashwa, kwa kawaida sauti nzima hushuka hadi ubora wa simu. SonoBus na Jamulus pia hazina picha. Unaweza kufungua programu nyingine kwa ajili ya picha huku umezima sauti yake, lakini picha itafika nyuma ya sauti, na mwalimu wa fidla anayetaka kuuona upinde unavyogusa uzi atachanganyikiwa.

Mimi naelemea upande wa kwanza, na sababu yangu inatokana na somo lenyewe. Sehemu kubwa ya somo la mtu mmoja ni zamu: apige, nisikilize, niseme, nionyeshe, arudie. Zamu inavumilia ucheleweshaji. Isichovumilia ni sauti iliyoghushiwa. Programu ya mikutano iliyozimwa vichujio vyake inanipa noti nzima, nguvu na upole wake, pamoja na kifundo cha mkono ninachohitaji kukiona. Lakini ninaposhughulika na mwanafunzi anayejiandaa kupiga na kundi, au asiyeweza kushika mwendo peke yake, zamu haitoshi. Anahitaji mtu wa kupiga naye, na hapo masharti yote ya SonoBus au Jamulus yanastahili jasho lake. Ngoma na uimbaji wa watu wawili, hasa, siwezi kuvifundisha kwa zamu peke yake.

Hofu ya gharama ya data nayo mara nyingi inaelekezwa pasipo. Sauti ya kilobiti 96 kwa sekunde hula takriban megabaiti 43 kwa saa. Hata sauti ya mono isiyobanwa kabisa, ya sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 16, hula kama megabaiti 346. Kinachomaliza data ni picha. Mtandao ukilegea, zima kamera kabla hujagusa ubora wa sauti, kisha iwashe dakika mbili tu unapotaka kuangalia mkao wa vidole.

Wengi wanaojifunza hawana kompyuta wala ruta ya kuchomeka waya. Wana simu moja, mara nyingine ya kuazima, na WhatsApp. Simu za WhatsApp, zilizotengenezwa kwa ajili ya maneno, zitaendelea kukata noti ndefu. Kwa wanafunzi wa namna hii nimeacha kuitegemea simu ya moja kwa moja katika kuhukumu sauti. Tunaitumia kuzungumza na kuonana, na kila wiki, siku moja kabla ya somo, wananitumia rekodi iliyofanywa kwa programu ya kurekodi iliyomo ndani ya simu yao na kutumwa kama faili, si kama ujumbe wa sauti. Naisikiliza kwa hedifoni, mara mbili, kabla sijasema neno. Na katika somo la kwanza na kila mwanafunzi mpya, kwa programu yoyote ile, namwomba apige noti moja, aiache ife yenyewe, na aniambie alipoacha kuisikia. Nami namwambia nilipoacha. Kama tumepishana sana, tunaifungua mipangilio pamoja kabla hatujagusa wimbo wowote.