Mjomba Shikamoo, Usiflashi!

Nyumba ya marehemu babu iko Ngamiani, kule kwenye barabara za namba, na bomba lake la choo ni lile la zamani la udongo wa kuchoma, limepita chini ya ua mpaka kwenye chemba, lilizikwa mama hajazaliwa na halijawahi kumkosea mtu. Sasa wajukuu tukachanga bibi awekewe choo cha kukaa maana magoti yamegoma. Sinki jipya, bomba jipya la plastiki, kilichobaki ni kuliunga na lile la udongo tu. Fundi akaja na baiskeli, bomba la mita sita kalifunga ubavuni, Tanga nzima inampisha. Jina lake namhifadhia, ana watoto.

"Hili inchi nne, lile inchi nne, hapa kuna kazi gani?"

Kazi ipo. Inchi nne ya plastiki inapimwa nje, milimita 110. Ile ya udongo inapimwa tundu la ndani, 100. Na ule mdomo mpana wa bomba la udongo, ambao ndo ungepokea bomba jipya, jamaa alishauvunja na sululu wakati analitafuta bomba liko wapi. Ndani haliingii, nje halivai. Kasukuma, kapaka sabuni, kagonga na gogo, wapi.

"Nipeni moto."

Shangazi alikuwa kibarazani anakaanga bajia za kuuza. Fundi akaomba jiko "dakika mbili tu dada", karai likawekwa chini, akaanza kulizungusha bomba juu ya makaa kama anachoma mahindi. Mafundi wengi wanafanya hivo, plastiki ikilainika inapanuka, lakini moshi wake sasa! Unakaba koo, macho yanachuruzika, wateja wakatawanyika, na shangazi akasema maneno ambayo hapa siyaandiki.

Bomba likatoka na umbo la yai. Akalivisha hivohivo juu ya lile la udongo, upande mmoja limebana, upande mwingine vidole vinapita. Nikamuuliza, fundi, mbona la juu ndo limelifunika la chini, si inatakiwa la juu liingie ndani ya la chini, maana hapa maji yakija yatagonga ukingo na kila kitu kitanasa? Akaniangalia toka miguuni.

"Kaka wewe umesomea nini?"

"Uhasibu."

"Haya."

Pengo alitaka kuziba na rambo, akakumbuka zimepigwa marufuku tangu Juni 2019. "Tanga hii tukose katani?" Na kweli wazee walikuwa wanaziba jointi za mabomba ya udongo kwa kamba yenye lami halafu simenti, hilo sibishi, ila kamba yao ilisokotwa ikasindiliwa, ya huyu ilikuwa lundo la nyuzi, nusu zimezama ndani zinaning'inia. Simenti juu. "Mpaka kesho asiingie mtu." Mteremko tu ndo aliupima kisawasawa, kifaa cha pima maji juu ya bomba, kila mita inashuka sentimita mbili na nusu. Kisha akalala kifudifudi mtaroni, anailainisha simenti kwa vidole, pua iko kwenye jointi.

Ndo mjomba wa Pangani akaingia kwa mlango wa mbele, katoka kwenye basi tumbo halimpi nafasi, kapita koridoni bila hata hodi, komeo la choo kaa! Nikakimbilia mlangoni. Sasa jamani, mjomba mtu utamfokeaje hujamwamkia?

"Mjomba shikamoo!"

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo mjomba, usi..."

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo, mjomba us..."

"Na bibi, magoti?"

"Anaendelea vizuri alhamdulillahi, mjomba usiflashi!"

"Eeh? Sikusikii, ngoja nivute maji nitoke."

Tangi likanguruma. Katani ikadaka kila kilichopita, maji yakakosa njia, yakajaa, simenti mbichi ikatemwa na jointi ikafumuka upande ule ule wa vidole, ambako ndo kulikuwa na uso wa fundi. Hakupiga kelele. Angefungua mdomo ingekuwa mbaya zaidi.

Mjomba akatoka anajifuta mikono. "Hongereni, choo kizuri, maji yanakwenda upesi."

Fundi aliogea uani, mche wa sabuni ya kufulia ukaisha, akarudi bado anachuruzika, akaiweka pima maji juu ya bomba akaniita. "Tazama kaka. Mteremko haujasogea."

Fundi mwingine akaja kung'oa bomba lote la udongo, akapeleka plastiki moja kwa moja mpaka kwenye chemba. Yule wa kwanza tukikutana njiani bado ananidai hela ya mteremko. Nimemwambia zipo kwa shangazi, akazifuate kibarazani, na mpaka leo mtaa wetu anauzunguka.