Fohendi ya Chris Evert si ya kuchekwa

Kijana ninayecheza naye tenisi kila Jumamosi alinionyesha kwenye simu fainali ya US Open ya 1978, Chris Evert na Pam Shriver, akacheka mpaka akakaa chini. Kilichomchekesha ni fohendi ya Evert, yaani mpigo wa upande wa mkono ulioshika raketi: raketi inarudi nyuma mapema, mguu wa kushoto unasogea mbele, mkono unapita kama wa mtu anayefunga mlango mtoto asiamke, basi. Hakuna kuruka, hakuna raketi kumalizikia juu ya kichwa. "Huyu leo raundi ya kwanza tu angerudi nyumbani," akasema.

Sikubishana naye. Jumamosi iliyofuata nilimletea raketi ya mbao, Dunlop Maxply, niliyorithi kwa mjomba, ingali kwenye kibano chake cha skrubu nne, maana mbao bila kibano hupinda kwa unyevu. Nikamwambia haya, piga ile fohendi yako unayoringia. Mpira wa kwanza uligonga fremu ukaenda uwanja wa jirani. Wa pili, fremu tena. Wa tatu akaanza kuukandakanda mkono.

Raketi yake ina uso wa inchi za mraba 100. Ile ya mjomba haifiki 70, na uzito wake unakaribia gramu 400. Vijana wa leo husugua mpira kutoka chini kwenda juu ili uzunguke na kushuka ghafla. Ukifanya hivyo kwa uso mwembamba, ukikosea kidogo tu umegonga mbao. Ndiyo maana kina Evert waliushika mpini kama wanaosalimiana nao kwa mkono, wakaisukuma raketi kwenye mstari uleule wa mpira kwa muda mrefu. Nyuzi zilipata nafasi ya kuukuta mpira.

Halafu kuna nyasi. Hadi 1974, mashindano matatu kati ya yale manne makubwa yalichezwa kwenye nyasi, na huko mpira haupandi, unateleza chini usawa wa ugoko. Mshiko wa kisasa, kiganja kikiwa chini ya mpini, unataka mpira wa kifuani. Kwa mabingwa wa enzi hizo kama Margaret Court na Billie Jean King, fohendi mara nyingi ilikuwa nauli ya kufika wavuni. Kazi yenyewe ilifanyika huko.

Na anayesema wanawake wa enzi ile walikuwa wakibembeleza mpira tu amsome Helen Wills. Alikulia California, akapenda kufanya mazoezi na wanaume, na kwa fohendi yake nzito, iliyonyooka, alitwaa Wimbledon mara 8 kati ya 1927 na 1938. Maureen Connolly naye aliuchapa mpira kisawasawa. 1953 alibeba mataji yote manne makubwa, kisha ajali ya farasi ikamaliza mchezo wake akiwa na miaka 19. Hadi leo hiyo inaniuma, ingawa sikuwa hata nimezaliwa.

Nakubali, mbao si sababu pekee. Björn Borg, bingwa wa upande wa wanaume, aliuzungusha mpira kwa raketi ya mbao, nyuzi zikiwa zimekazwa kupita kiasi. Kwa maoni yangu, wasichana walifundishwa kwanza kutokosea, na fohendi zao zinaonyesha hivyo. Hata ya Evert haikuufikia ule mpigo wake wa upande wa pili, wa mikono miwili. Lakini kwenye udongo alishinda mechi 125 mfululizo, kuanzia 1973 hadi 1979, na mpigo ulio dhaifu usingedumu kiasi hicho.

Tena kijana wangu hakuitazama vizuri ile fainali. Shriver, mwenye miaka 16, alishika Prince ya uso mpana, raketi ya zama zilizokuwa zinaingia. Evert alikuwa na mbao yake. Alishinda 7-5, 6-4.

Jumamosi iliyopita kijana aliiomba tena ile Maxply. Mguu wa kushoto sasa anaupeleka mbele. Fremu bado anaigonga.