Jicho lililoungua na chokaa: lazima maabara?

Mtoto nchini India anachezea kipakiti cha chokaa ya tambuu. Anakiminya, kinapasuka, chokaa inamrukia jichoni. Kwamba aoshwe papo hapo kwa maji mengi, nusu saa au zaidi, hakuna anayebisha. Ubishi upo kwa jicho ambalo maji yalichelewa. Chokaa huzama ndani na kuua seli shina, yaani seli zinazozalisha seli mpya, za ukingo wa konea (kioo cha mbele ya jicho), pale cheusi kinapopakana na cheupe. Zikifa, mishipa ya damu hutambaa juu ya konea na kuifunika. Hata ukipandikiza konea ya marehemu, nayo itafunikwa vilevile.

Dawa ni kuazima seli kutoka jicho la pili lililo zima. Waitaliano huziotesha maabara. Umoja wa Ulaya uliidhinisha tiba yao, Holoclar, mwaka 2015. Virender Sangwan na wenzake wa Hyderabad, India, walichapisha njia nyingine mwaka 2012: kipande cha ukingo chenye upana wa milimita 2 hivi hukatwa vipande vidogo 8 hadi 10, vikabandikwa kimoja kimoja jichoni kwa gundi ya fibrini (protini inayogandisha damu) juu ya utando uliotoka kwenye kondo la mzazi. Kazi yote huisha kwenye kitanda kilekile cha upasuaji.

Wapo wanaoiona hii kuwa tiba ya wasio na uwezo, na hapo ndipo nisipokubali. Mwaka 2010 Waitaliano waliripoti mafanikio ya asilimia 76.6 kwa wagonjwa 112. Mwaka 2016 Hyderabad waliripoti asilimia 76 kwa wagonjwa 125. Ni kweli wagonjwa si walewale, na vipimo vya mafanikio vinaweza kutofautiana. Lakini kama maabara ingekuwa na ubora mkubwa kiasi kinachodaiwa, pengo lingeonekana hata kwa ulinganisho huu wa juujuu. Mimi silioni.

Maabara ina hoja moja nzito: inahesabu. Seli shina zilipozidi asilimia 3 ya seli zinazozaliana, mafanikio yalifika asilimia 78. Zilipopungua hapo, 11. Daktari wa Hyderabad hana kipimo hicho, anategemea jicho lenyewe lioteshe. Na aliyeungua ukingo wote wa macho yote mawili hana pa kuazima, kwa njia yoyote kati ya hizi.

Hata hivyo, hospitali ya macho yenye bajeti finyu ianze kwa kumfundisha daktari wake kukata vile vipande, kabla ya kufikiria kujenga maabara.