Jogoo mweusi na mchuzi wa Mpunguzi

Nilipohamia Siena, Italia, nilijua divai ya kasri la mabaroni haimhusu mkata vitunguu kama mimi. Kumbe imepangwa supamaketi, chupa haifiki euro 20: Brolio, divai nyekundu ya eneo la Chianti Classico, yenye nembo ya jogoo mweusi, ya ukoo wa Ricasoli, wenye kasri hilo tangu 1141. Za kufungia kabatini wanazo, ila hii ni ya kunywa na ugali wako, kama wangekuwa na ugali.

Ukiinywa bila chakula, ukakasi wake ni wa zambarau ambayo haijaiva vizuri. Ukiwa na nyama yenye mafuta, hapo ndipo inapoeleweka. Mzee mmoja jikoni kwetu huipunguza na maji, na hakuna anayemcheka.

Bettino Ricasoli, aliyeshika uwaziri mkuu wa Italia mwaka 1861 baada ya Cavour kufariki, aliandika mchanganyiko wake mwaka 1872: Sangiovese, zabibu nyekundu, iipe harufu na nguvu, Canaiolo, nyekundu nyingine, iilainishe, na Malvasia, zabibu nyeupe, itiwe katika divai ya kunywewa ingali changa, ya kila siku. Siku hizi nyeupe hairuhusiwi katika Classico. Kinachonigusa mimi ni kwamba mkubwa yule alikaa akaifikiria divai ya mezani, na ukoo wake bado unaibandika jina la nyumbani.

Sasa njoo kwetu Dodoma. Tunavuna mara mbili kwa mwaka! Baba mdogo ana mizabibu Mpunguzi; mnunuzi akichelewa, zabibu zinanyauka mtini, basi anakamua na kuuza mchuzi kwa lita. Ukishamiminwa kwenye tangi pamoja na wa wengine, jina la Mpunguzi limeishia hapo. Halafu kwenye harusi ya dada yangu meza kuu iliwekewa ya Afrika Kusini, ya Dodoma ikanywewa nyuma na wapishi. Tunalaumu ladha, wakati hatujawahi kumwambia mnywaji ni shamba la nani.

Likizo iliyopita nilimpelekea baba mdogo chupa ya Brolio. Akaonja, akakunja uso.

“Mwanangu, sukari wameisahau?”

Nikamtajia bei kwa shilingi. Akaigeuza chupa, akamtazama yule jogoo mweusi shingoni.

“Na hawa wanavuna mara ngapi?”

“Mara moja tu, baba. Septemba hadi Oktoba.”

Akasogeza glasi nimwongeze.