Kombe la futiboli ya vyuo huanzia kwa wanne wa mbele

Mashabiki wa futiboli ya Kimarekani, ile ya vyuo vikuu, wana msemo wa siku nyingi: ushambuliaji huuza tiketi, ulinzi huleta kombe. Kwa maoni yangu huo ni ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowafukuzisha makocha kazi.

Oktoba 2016, Texas Tech wakiwa nyumbani walifunga pointi 59 dhidi ya Oklahoma. Kwotabeki wao, yaani mrushaji pasi, Patrick Mahomes alirusha pasi za jumla ya yadi 734, na bado wakalala 66-59. Msimu huo walishinda mechi 5, wakapoteza 7. Mwaka 2023 Iowa wakaja kivingine kabisa: ulinzi mgumu kama jiwe, ushambuliaji wa mwisho nchi nzima kwa yadi. Walipaki basi na kushinda mechi 10, silaha yao kuu ikiwa ni Tory Taylor, mpiga mateke ya kumsukumia mpinzani mbali. Walipofika fainali ya Big Ten, kundi la vyuo wanamochezea, Michigan wakawapiga 26-0. Mechi iliyofuata, Tennessee wakawamaliza 35-0.

Kwa hiyo kuuliza upande upi ni muhimu zaidi hakutufikishi popote. Tuulize ni ulinzi wa namna gani unaobeba kombe, na unahitaji nini kutoka kwa wenzao wenye mpira.

Hesabu yenyewe ni hii. Kila timu ina watu 11. Wenye mpira wana wachezaji 5 wanaoruhusiwa kupokea pasi, ukimtoa kwotabeki anayerusha. Ukituma 4 wamkimbilie kwotabeki, unabakiwa na 7 wa kuwakaba 5, yaani kila mpokeaji ana mtu wake na wawili wamesimama nyuma kuziba pengo. Ukituma 5, wa akiba ni mmoja. Ukituma 6, ni mtu kwa mtu. Beki mmoja akiteleza, hiyo ni tachidauni, mpira umefikishwa eneo la mwisho. Ndiyo maana naona wanne wa mbele wanaoweza kufika wenyewe, bila kuomba msaada, ni mali kuliko beki yeyote wa pembeni, hata awe na mbio kiasi gani.

Na kwenye vyuo kazi hiyo ni ngumu kuliko NFL, ligi ya kulipwa. Kwenye mchezo wa pasi, sheria za vyuo zinawaruhusu wazuiaji wa mbele wa timu yenye mpira kusogea hadi yadi 3 kupita mstari wa kuanzia mchezo, wakati NFL ni yadi 1 tu. Kiungo wa ulinzi anawaona wanamjia, anadhani mpira unakuja kwa mbio, si kwa pasi, anapiga hatua mbili mbele, na mpira unapita nyuma ya mgongo wake. Halafu kuna kasi. Timu yenye mpira isipobadilisha wachezaji, haiwajibiki kuwasubiri wapinzani wabadilishe wao. Jitu kama Jordan Davis, mlinzi wa mbele wa Georgia ya 2021, lenye zaidi ya kilo 150, likishikiliwa uwanjani mpira ukianzishwa mara sita au saba mfululizo, miguu inaisha, na wanne wa mbele wanakuwepo kwa jina tu. Dawa yake ni kuwa na wanane wa kupokezana, na ukali wa kuwaingiza mapema, kabla hawajachoka.

Georgia ya 2021 inaonyesha yote haya kwa mara moja. Katika mechi 12 za kwanza waliruhusu wastani wa chini ya pointi 7. Desemba 4, fainali ya SEC, kundi lao la vyuo, Alabama wakawafunga 41-24. Kwotabeki wa Alabama, Bryce Young, alirusha yadi 421 na hakuangushwa hata mara moja akiwa na mpira. Mabeki walikuwa walewale waliosifiwa msimu mzima. Wa mbele hawakufika, nao wa nyuma wakaachwa wakimbizane na wapokeaji kwa muda ambao hakuna binadamu anauweza.

Siku 37 baadaye timu hizo zilikutana tena Indianapolis kugombea ubingwa wa taifa. Kweli, Alabama walimkosa mpokeaji wao John Metchie, na mwenzake Jameson Williams aliumia goti kabla ya mapumziko. Hilo lina uzito wake. Lakini safari hii Young aliangushwa mara 4, na Alabama kila wakikaribia eneo la mwisho walitoka na pointi 3 badala ya 7. Mara nne walimaliza kwa teke.

Tachidauni yao pekee ilitoka wapi? Stetson Bennett, kwotabeki wa Georgia, alipoteza mpira robo ya nne, Alabama wakaupata ndani ya yadi 20 za Georgia, ikawa 18-13. Hapo ulinzi haukuwa na la kufanya. Uliachiwa uwanja mfupi mno. Na aliyeutoa shimoni ni Bennett huyohuyo: pasi ya yadi 40 kwa Adonai Mitchell, kisha ya yadi 15 kwa Brock Bowers, 26-18. Sasa Young akalazimika kutafuta tachidauni na pointi mbili za nyongeza, ulinzi wa Georgia ukijua kwamba lazima arushe. Akarusha. Kelee Ringo akainasa na kukimbia nayo yadi 79, ikaisha 33-18.