Hiki Kiti Hakiuzwi

Jamani, mtu akikaa kwenye baraza la nyumba aliyozaliwa, naye ni bidhaa? Nimejikalia zangu hapa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, nakunywa kahawa na kashata, dada mmoja akasimama mbele yangu: "Shikamoo mzee. Hicho kiti bei gani?" Nikamjibu, marahaba, lakini si unaona nimekikalia? "Ndiyo, kwa hiyo kimeshatumika. Utanipunguzia."

Tangu Waingereza walipoweka hapa wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, mizigo Kariakoo haijawahi kuisha. Kijana anakuja na mkokoteni, "Pisha! Pisha mzee!" Nipishe niende wapi? Mbele nguo za mtumba, nyuma masufuria, na mlangoni kwangu kuna mtu kapanga viatu. Nikitaka kutoka naulizwa navaa namba ngapi.

Zamani hapa zilikuwa nyumba za Kiswahili: vyumba sita, ukoridoni watoto, uani majiko, barazani bao na umbea. Sasa ni maghorofa. Yangu imebanwa katikati ya mawili, jua lenyewe nalipata adhuhuri tu, tena la kuonja. Madalali wakipita wananisalimia, "Mzee, bado upo?" Salamu gani hiyo!

Na lile soko alilolichora Beda Amuli, likafunguliwa 1975: mapaa yake miavuli iliyogeuzwa juu chini, yakinge maji ya mvua. Akili kubwa ile, sina ubishi. Lakini ya mitaani nani anayakinga? Mvua ikinyesha, maji yote yanajua njia ya kuja kwangu, na yanaelea na ndala za watu.

Hapo Lumumba ndipo ilipozaliwa TANU, Julai 7, 1954. Watu walikaa chini wakazungumza siasa. Walikaa! Leo hebu simama pale ufunge kamba ya kiatu uone: ukiinuka umeshauziwa kava la simu, na simu yenyewe huioni.

Eti sasa biashara ni saa 24. Saa nane za usiku spika inalia dirishani: "Elfu tano, elfu tano, chagua yoyote elfu tano!" Nikamgeukia mke wangu nimlalamikie. Kalala fofofo, kafumba macho, anajibu: "Elfu tatu nachukua mbili."