Waliocheka Sadaka za Mpunga

Wiki iliyopita, barazani kwetu Langoni, Lamu, baada ya sala ya alasiri, kijana mmoja aliyerudi kutoka chuo kikuu alituonyesha kwenye simu wakulima wa mpunga wa Bali, kule Indonesia, wakipeleka sadaka hekaluni kabla ya maji kufunguliwa mashambani. Alicheka, akasema kwamba watu wa namna hiyo ndio wanaochelewesha maendeleo. Sisi watu wazima tukatabasamu kwa adabu, na tangu siku hiyo najikasirikia.

Bingwa wetu hakusimuliwa yaliyotokea miaka ya 1970, pale serikali ya huko ilipowataka wakulima wapande mbegu za muda mfupi mfululizo, bila kungojea tarehe za hekalu. Matokeo yake, wadudu walifumuka na maji yakaanza kugombaniwa. Baadaye mwanaanthropolojia J. Stephen Lansing, pamoja na mwanaikolojia James Kremer, waliuingiza mpango wa mahekalu katika kompyuta, wakakuta kwamba mavuno yalikuwa bora pale mashamba yalipopangwa kwa kufuata mahekalu yenyewe. Mashamba ya eneo zima yakivunwa na kupumzishwa pamoja, wadudu hukosa pa kuhamia. Lakini bonde zima likipandwa siku moja, maji hayatoshi. Hekalu ndilo linalopima kati ya hasara hizo mbili, na kuzipa zamu jumuiya za maji ziitwazo subak. Mwenye shamba la juu angeweza kuufunga mfereji na kulala usingizi wake, ila anajua kwamba jirani wa chini akikosa maji atachelewa kupanda, na wadudu watakaolelewa katika mpunga huo wa kuchelewa watampandia yeye. Haya, ushirikina huo uko wapi?

Nakubali, shingo upande, kwamba si kila ua linalowekwa hekaluni lina faida shambani, na kwamba sisi Waislamu hatuna la kumpelekea Dewi Danu, mungu wao wa ziwa. Wala hakuna aliyetuomba. Nakubali pia kwamba subak kuorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2012 hakujazuia hoteli za Bali kunyonya maji ya wakulima, jambo ambalo sisi tunaokunywa maji ya machungani Shela, kwenye vilima vya mchanga, huku majumba yakizidi kupanda juu ya mchanga huohuo, hatuhitaji kufasiriwa.

Hapo jirani, Wapokomo wamelima mpunga kwa kuufuata mto Tana unavyojaa na kupwa, lakini mabwawa ya juu, likiwemo Masinga lililokamilika mwaka 1981, hufungua maji kwa kuangalia umeme. Hayo ndiyo maendeleo yasiyochekwa.

Kijana atarudi barazani Alhamisi. Safari hii sitatabasamu. Nitamwuliza lile jabia, yaani birika la kukingia maji ya mvua, la babu yake kule Ndau, ambalo watu wote walikuwa wakitoka kulifagia kabla ya mvua ya kwanza ya masika, sasa linafagiwa na nani.